Kipya kinyemi: eafraya, karai na jiko la pwani

Eafraya (air fryer) haikaangi. Hilo likishaeleweka, nusu ya uamuzi imekwisha. Ndani ya lile dude jeusi lenye umbo la yai mna koili ya moto juu, feni juu ya koili, na kikapu cha matundu chini. Feni huisukuma hewa ya moto izunguke chakula kwa kasi mpaka ngozi yake ikauke na kugeuka kahawia. Hilo ni tanuri dogo. Mpwani aliyeona wali ukipaliwa, au mkate wa sinia ukiwekewa makaa juu ya kifuniko, anaujua moto huu. Ni moto wa juu, ila makaa yamekuwa koili na kipepeo cha ukili kimekuwa feni. Philips walipoionyesha Berlin mwaka 2010 waliipa jina la kukaanga, na jina ndilo lililoivusha bahari. Tanuri dogo lenye feni lisingemtoa mtu nyumbani kwake kwenda dukani.

Sasa ipo kwenye rafu za Malindi mjini, na Lamu huingia zaidi kwa mizigo ya jamaa walioko Ghuba. Swali ni kama itabaki mezani au mwakani itapandishwa juu ya kabati, ikakae na mashine ya sandwichi na ile ya kukamua juisi. Maoni yetu tuyatoe mapema: kwa nyumba nyingi za hapa ni chombo cha pili, hakiondoi karai. Kwa nyumba ya watu kumi wanaokula sinia moja, ni pambo. Ila zipo kazi chache inazozifanya vizuri kuliko karai, na ukizipika hizo kila wiki, pesa yako haikupotea.

Yanayotaka mafuta hasa

Anza na viazi vya karai. Kiazi kilichochemshwa huchovywa katika unga wa maji wenye bizari, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 175 hivi. Mafuta huukamata ule unga pande zote kwa sekunde chache, ukawa ganda kabla haujapata nafasi ya kuchuruzika. Hewa haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa hubeba joto kidogo mno ikilinganishwa na mafuta. Ukitia kiazi kilichochovywa ndani ya eafraya, unga unatiririka kwenye matundu, unagandia chini ya droo, na unaobaki juu ya kiazi unaiva kama gundi iliyokauka. Kaimati ndiyo kabisa: unga wake ni wa majimaji na umbo lake hulipata ndani ya mafuta yenyewe. Usijaribu hata mara moja, utashinda ukikwangua kikapu.

Mahamri yanaingia, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana yanatoka ya kahawia na yanapendeza machoni. Lakini hamri huumuka kwa sababu mafuta huligusa lote kwa ghafla, maji yaliyomo kwenye donge yakawa mvuke, na mvuke ukaitenga ngozi ya juu na ya chini. Katika hewa ya moto ngozi hukauka polepole kabla mvuke haujapata nguvu. Unachopata ni kijimkate cha iliki na tui, kizito katikati. Kitamu pengine, lakini mgeni ukimwambia ni hamri atakutazama. Ukishikilia kuyapika humo, sukuma unga mwembamba zaidi, kama nusu sentimita, paka mafuta juu na chini, tia nyuzi 180 kwa dakika 7 hadi 8, na uyale yangali moto. Yakipoa huwa magumu kuliko ya karai.

Bajia za kunde zinasimama katikati. Donge likiwa zito linashika umbo, basi zitaiva, lakini ndani zitakuwa kavu za kuvunjikavunjika. Katlesi na kababu zilizoviringishwa kwenye chenga za mkate hukubali vizuri zikipakwa mafuta, hasa zikikaa kwenye friji nusu saa kwanza ili zishikane.

Yanayokubali moto wa juu

Sambusa ni mtihani wa haki, kwa sababu manda ni kavu. Paka kila moja mafuta kwa brashi pande zote mbili. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sambusa tatu au nne. Zipange zisipandane, nyuzi 190, dakika 9 au 10, uzigeuze katikati. Kosa la kwanza ni kuacha pembe bila mafuta: zinabaki nyeupe na ngumu kama kadi. La pili ni nyama yenye maji. Kwenye karai manda hukazwa na mafuta haraka, ila hapa mvuke hupata muda wa kuipasua, kwa hiyo kaushia nyama jikoni mpaka sufuria isiwe na tone, uiache ipoe, ndipo ufunge. Zikifanywa hivi hutoka nzuri na mkononi hazichuruziki mafuta. Aliyezoea za karai bado atagundua tofauti kwenye zile lengelenge ndogo za juu ya manda, ambazo hapa hazipo.

Kwa samaki eafraya inafaulu, kwa sharti moja: ukubwa. Changu au tafi wa gramu 350 hadi 450 anaingia kwenye kikapu cha lita 4 au 5. Samaki aliyezidi urefu wa kikapu atakunjwa mkia, na kichwa kitaegemea karibu na koili kiungue kabla mgongo haujaiva. Mchanje mara tatu kila upande, mpanguse awe mkavu kabisa, mtie ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, umwache nusu saa. Mpanguse tena. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kisha wanalalamika kuwa samaki alichemka badala ya kukauka. Paka mafuta samaki na kikapu pia, nyuzi 190, dakika 14 hadi 16, mgeuze mara moja tu na kwa mwiko bapa. Vipande vya nguru vya unene wa sentimita 2 vinataka dakika 10 hadi 12. Kamba waliomenywa, gramu 300, wanataka nyuzi 200 na dakika 6. Wakizidi 8 ni mpira. Pweza usimpeleke humo mbichi. Achemshwe kwanza hadi alainike, kisha dakika 5 za kumkausha.

Kuku kwa kweli anashinda. Mapaja yenye ngozi, nyuzi 190, dakika 22 hadi 25, yaanze ngozi ikiwa chini na yamalizie ikiwa juu. Mafuta yake yenyewe yanatosha. Ukitaka kuku wa kupaka, mpike hivi kwanza kisha umwagie tui zito lililokwisha kuiva na viungo. Utakosa harufu ya moshi, lakini nyama hubaki na maji yake.

Korosho pia. Zilizomenywa, gramu 200, nyuzi 150, dakika 8 hadi 10, utikise kila dakika 3, na uzitoe zikiwa bado hazijafika rangi unayoitaka kwa kuwa huendelea kuiva nje. Hapa tahadhari kubwa kwa wa Kilifi na Malindi wenye mikorosho uani: usitie korosho yenye ganda. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake ni wa sumu. Ganda la korosho linataka uwanja na upepo, wala si meza ya jikoni.

Na kupasha moto chakula cha jana, kazi ambayo wauzaji hawaitangazi, ndiyo itakayoifanya iwashwe siku nyingi: sambusa, kuku, chipsi, hata mahamri ya asubuhi, nyuzi 160 kwa dakika 3 hadi 4, na ukavu wake unarudi. Karai haliwezi hilo bila kukiloweka chakula mafuta mara ya pili.

Saa ya futari

Chukua sambusa 40. Karai la sentimita 30 lenye lita moja na nusu ya mafuta linachukua 10 hadi 12 kwa mkupuo na kila mkupuo ni dakika 4 au 5. Ukihesabu na dakika 7 za kuchemsha mafuta, umemaliza kwa nusu saa kasoro. Eafraya ya lita 4 na nusu inachukua 8 zisizopandana. Hiyo ni mikupuo 5 ya dakika 10, yaani dakika 50, na za mwanzo zimeshapoa. Ukizijaza 16 ili uwahi adhana, hewa haipiti katikati, na zile za chini hutoka mbichi. Lita zilizoandikwa kwenye boksi ni za ujazo wa kikapu kikiwa tupu. Chakula cha kukauka hutandazwa tabaka moja, kwa hiyo angalia upana wa kikapu, lita ziache. Kikapu cha mraba cha sentimita 22 hubeba zaidi kuliko cha duara chenye upana uleule.

Kuna jambo jingine la saa hiyo. Magharibi kila nyumba imewasha taa, feni na birika, na volti hushuka. Koili ya wati 1,500 kwa volti 240, ikipewa volti 200, hutoa wati 1,040 hivi. Moto umepungua kwa karibu theluthi moja, na dakika zilizoandikwa kwenye kijitabu hazina maana tena. Ukiona balbu zimefifia, ongeza robo ya muda na uamue kwa macho.

Pesa

Wauzaji husema inaokoa. Tuhesabu, kwa bei za mfano ambazo utazibadilisha kwa zako: uniti ya umeme shilingi 28, mtungi wa gesi wa kilo 6 shilingi 1,300, mafuta ya kupikia shilingi 300 kwa lita, eafraya shilingi 8,000.

Zile sambusa 40 zitakula uniti 1 hadi 1.25 kwenye eafraya, yaani shilingi 28 hadi 35. Kwenye karai gesi itakayoungua ni gramu 80 hadi 100, shilingi 17 hadi 22. Kwa moto, basi, karai ni rahisi zaidi. Lamu pengo hupungua kidogo kwa kuwa mtungi huvuka kutoka Mokowe kwa boti na kumalizia safari kwa punda au hamali, na kila mkono unataka chake.

Akiba iko kwenye mafuta. Kilo ya viazi vya chipsi hunyonya vijiko 5 hivi vya kulia kwenye karai, na kwenye eafraya unatumia kijiko kimoja. Hiyo ni mililita 60. Ukikaanga mara 3 kwa wiki umeokoa mililita 780 kwa mwezi, shilingi 235 hivi, na mashine itajilipa baada ya miezi 34. Dhamana ya dukani kwa kawaida ni mwaka mmoja. Hesabu hubadilika ikiwa wewe ni mtu wa kukaangia lita moja ya mafuta na kuyamwaga baada ya kuyatumia mara nne, jambo jema kiafya. Hapo unaokoa karibu lita 3 kwa mwezi na mashine inajilipa kwa miezi 9. Wengi wetu, tuseme ukweli, hatumwagi. Tunachuja na kuongezea.

Tena katika mashindano haya kuna aliyesahauliwa: kikaango bapa kisicho na kina. Kwa samaki na kuku, vijiko 4 vya mafuta kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, dakika 5 hadi 6 kila upande, vinakupa ngozi ambayo eafraya haitaifikia. Hakina waya wala dhamana. Anayetaka tu kupunguza mafuta aanzie hapo kabla ya kutoa elfu nane.

Chumvi, waya na fundi

Kinachoamua kama chombo kitafika mwaka wa tatu pwani ni hewa ya bahari kuliko ufundi wa kiwandani. Chumvi na unyevu hula vitu vitatu: bodi ya saketi, vichwa vya nyaya, na fimbo ya feni. Kwa sababu hiyo, kati ya eafraya ya kioo cha kugusa na ile ya vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha joto na kimoja cha muda, chagua ya kuzungusha bila kujiuliza mara mbili. Thamostati, yaani kidhibiti cha joto, na saa ya springi ni vipuri vya kawaida, fundi anayetengeneza pasi na birika anaviweza. Bodi ikioza, utaambiwa kipuri kitafutwe Mombasa, na mara nyingi hicho cha modeli yako hakipo. Kasoro ya saa ya springi ni kwamba umeme ukikatika yenyewe haina habari. Inaendelea kuhesabu, kengele inalia, na kuku ni mbichi. Lamu umeme huja kwa laini ndefu kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, kwa hiyo zoea hilo mapema.

Ikigoma kabisa bila hata taa kuwaka, mafundi hukuta moja kati ya haya mawili. Swichi ndogo inayobonyezwa na droo imeingia mafuta au kutu, hivyo mashine inadhani droo iko wazi. Au fyuzi ya joto imeungua, kwa kawaida kwa sababu feni ilipunguza mwendo na joto likakusanyika. Fyuzi ibadilishwe kwa nyingine yenye nyuzi zilezile zilizoandikwa juu yake, na feni isafishwe, la sivyo itaungua tena. Fundi akipendekeza kuiunganisha moja kwa moja bila fyuzi, mshukuru na uchukue mashine yako. Hiyo ndiyo njia ya kuunguza nyumba.

Plagi iingie ukutani. Wati 1,500 ni ampea zaidi ya 6, na ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu inaweza kupata moto na kulainika. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu zenye jiko la juu mara nyingi zina soketi moja tu huko, nayo ina friji. Mwite fundi aongeze soketi kabla hujanunua. Aliyeko Kipungani au Pate kwa sola ndogo na inveta ya wati 1,000, biashara hii imwache.

Mzigo wa kutoka nje usome kibandiko cha chini. Kiandikwe volti 220–240. Kikisema 110 au 127, mashine itaungua siku ya kwanza.

Usafi nao: kikapu kioshwe kwa sponji laini, kamwe si kwa steli wulu, kwani kikichubuka kitaanza kunata na kuacha vipande kwenye chakula. Ukioshea maji ya kisima yenye chumvi, kipanguse hapohapo. Kila wiki chomoa plagi, iache ipoe, igeuze juu chini, na upanguse koili kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Mafuta ya samaki yaliyogandia hapo ndiyo yanayotoa ule moshi na kuzifanya sambusa zako zinuke changu. Msimu wa mvua iwashe tupu nyuzi 160 kwa dakika 3 ili ikauke. Isikae dirishani panapoingia upepo wa bahari.

Basi uchukue ipi

Watu wawili hadi wanne, umeme wa kuaminika, kuku na samaki wadogo mara kwa mara, na daktari amesema mafuta yapungue: eafraya ya kuzungusha, lita 5, kikapu cha mraba. Itatumika.

Watu sita na zaidi wanaopenda kuoka: acha eafraya, tafuta oveni ya mezani ya lita 30 hadi 40 yenye feni. Ni kanuni ileile ya hewa ya moto, ila inaingiza sinia, samaki wa kilo moja na mkate. Inachelewa kupata moto, dakika 10 dhidi ya 3, na inachukua nafasi ya sufuria tatu mezani. Kwa kuoka tutaichagua hii kila siku, ingawa haina mbwembwe.

Anayeuza viazi vya karai, bajia na mahamri hana la kuuliza: karai zito, gesi ya mtungi mkubwa, na kichujio kizuri cha mafuta. Jiko la makaa libaki kwa kuku wa kupaka na mishikaki, mahali penye hewa.

Ukiwa bado huna hakika, bandika karatasi kwenye mlango wa jiko kwa siku 14. Kila mnapokaanga, andika nini na kwa watu wangapi. Weka alama moja kwa kila kilichotiwa unga wa maji au donge la kuumuka, alama nyingine kwa kilicho kikavu kilichotosha watu wanne. Alama za pili zisipofika 6 kwa wiki hizo mbili, ngoja.

Zikifika, nenda dukani na rula. Pima ndani ya kikapu, si boksi. Omba iwashwe dakika 5 hapohapo: feni isikwaruze, harufu ya plastiki iwe inapungua na sio kuongezeka, droo ichomolewe ikiwa inafanya kazi na mashine izime yenyewe. Uliza kama wanauza kikapu peke yake, kwa sababu ndicho kitakachochakaa kwanza. Wakisema hawana, punguza bei unayokubali kulipa, au tazama modeli nyingine iliyo pembeni yake.